Aliyelala kwenye Mkeka wa Lubay

Doa lilikuwa pale pale.

Igmat aliitoa shuka mtoni, akaisugua kwa majivu mara ya tatu, akaipigapiga juu ya jiwe mpaka bega likamuuma, kisha akaikunjua juani. Doa halikufifia hata kidogo. Lilikuwa la kahawia, na lilikuwa na umbo. Hapa bega, hapa mgongo, hapa nyonga. Mtu aliyelala ubavu.

Madoa ya namna hiyo aliyajua kuliko mtu yeyote katika bonde la Sibalom. Tangu hajavunja ungo, kazi yake ilikuwa migomba ya katani, ile isiyozaa ndizi za kuliwa: kuikata, kuichana tabaka kwa tabaka, kuikwangua mpaka zibaki nyuzi tupu, kisha kuzifuma. Utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo hakuna majivu yatakayoutoa. Nguo hiyo utazikwa nayo.

Lakini utomvu hutoka mgombani. Hili lilikuwa jasho la mwanawe.

Na ni yeye aliyemtuma. Siku tatu nyuma, mke wa datu, mkuu wa bonde, alikuwa ameagiza nguo nyeupe kabla ya mavuno ya mpunga, na katani nyeupe kuliko zote ilitoka kwenye migomba iliyoota chini ya mkuyu wa mlimani. Mkuyu huo zamani uliota juu ya mti mwingine, ukaukumbatia, ukaunyonga. Mti wa ndani ukaoza ukaisha, mkuyu ukabaki umesimama mtupu ndani kama ngoma.

"Mama, kule hata ndege hawalii," Lubay alisema, huku akifunga kisu kiunoni, chini ya tumbo lake la miezi mitano.

"Piga hodi kwa wenyeji wa mkuyu, kata, rudi. Kwani unakwenda kuchumbiwa?"

Lubay alicheka, akashuka ngazi. Alirudi jioni kwenye mvua, bila kisu, bila hata unyuzi mmoja. Alipanda vidato vya gogo la mlangoni polepole kama mtu anayepanda kwa mara ya kwanza maishani, akalala kwenye mkeka wake, akageukia ukuta. Tugas, mumewe, alimfunika, akamuuliza anaumwa wapi.

"Baridi," alisema. Basi. Wakajua ni homa ya mvua.

Igmat alirudi nyumbani na shuka yake yenye umbo la mtu. Tugas alikuwa chini ya nyumba, katikati ya nguzo, akiwamwagia nguruwe maganda. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mwenye aibu, ambaye alikuwa bado akimtumikia mama mkwe kama ilivyo desturi kwa bwana harusi asiye na dhahabu ya kutoa.

"Ameamka?" Igmat aliuliza.

"Amekunywa mtungi mzima, Mama. Wote. Nimekwenda kuchota mwingine."

"Na kula?"

"Nilimpa wali na samaki mkavu. Akatema. Eti chumvi inamuunguza."

Igmat alipanda. Ndani mlikuwa na harufu. Si ya jasho wala ya ugonjwa. Ilikuwa harufu mbichi, ya kijani, harufu ya shamba la migomba asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, na kwa mtu mwingine ingekuwa harufu nzuri tu. Sisimizi walikuwa wametengeneza njia kutoka dirishani, wakapita sakafu ya mianzi mpaka kwenye mkeka, wakaingia chini ya shuka.

"Lubay."

Aliyelala akageuka. Ndipo Igmat aliposikia. Mwili ule ulipogeuka, kitu ndani yake kilimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine, taratibu, kama maji ndani ya shina lililokatwa likabebwa begani. Na uso ulipomwelekea, uso wa mwanawe, macho yake, kovu lake la nyusi, Igmat aliona kwamba juu ya mdomo, pale ambapo kila aliyezaliwa na mwanamke ana kijifereji kidogo kutoka puani hadi mdomoni, ngozi ilikuwa tambarare kama jani.

Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akamvuta Tugas mpaka nyuma ya zizi.

"Yule siye," alinong'ona.

"Siye nani?"

"Siye Lubay. Nenda kamtazame juu ya mdomo. Nenda kimya kimya, usimwambie kitu."

Tugas akaenda. Alikaa ndani muda. Aliporudi alikuwa akimtazama mama mkwe wake jinsi watu wanavyomtazama mtu anayeanza kuropoka.

"Upo, Mama. Mfereji upo. Mdogo, lakini upo."

* * *

Kesho yake Bibi Ginday alikuja. Huyo ndiye aliyekuwa mganga wa bonde lile, kikongwe mwenye meno meusi kwa tambuu, aliyezungumza na wasioonekana kama wengine wanavyozungumza na majirani wagomvi. Hakuleta ngoma wala mkuki anaouchezea katika uganga. Aliketi kando ya mkeka, akautwaa mkono wa mgonjwa, akaubonyeza kwa kidole gumba. Shimo la kidole likabaki. Ndani ya shimo, maji yakajaa taratibu.

Aliushusha mkono kwa heshima, akawaashiria watoke nje. Walipofika zizini akatema tambuu.

"Nani kakupa mgomba huu, Igmat, akachukua mtoto?"

Igmat aligeuka akimbilie mlimani. Tugas alimdaka.

"Wenyeji wa mkuyu," Bibi Ginday akasema. Alisema chini chini, akitazama juu kwenye mianya ya sakafu. "Hakupiga hodi, au alipiga wakamwitikia. Wamemkaribisha ndani. Wamemtengea wali mweusi kama makaa, unaonukia kuliko wali wowote mliowahi kupika. Asipokula, yungali wetu. Akila punje moja, ndiyo basi, msahauni."

"Hatakula," Igmat alisema. "Yule ana kichwa kigumu. Hatakula."

"Sawa. Lakini wana njia nyingine. Huyu mliyenaye hapa hajui kitu bado, si ndiyo? Baridi, maji, basi. Sasa sikilizeni. Kila kitu atakachokisahau Lubay kule, huyu atakijua hapa. Atapata nguvu. Atapendeza. Siku huyu atakapojua yote, kule mlimani hatakuwapo mtu wa kukumbuka kwao. Atanyoosha mkono mwenyewe ale."

"Tufanye nini?"

"Mchana kati, jua la utosini, wenyeji hulala. Saa hiyo huyu akatwe kwa chuma, tabaka kwa tabaka, kama unavyochana katani, mpaka moyoni. Alichokiiba kitamrudia mwenyewe. Mimi kila mchana nitakuwa mkuyuni na chumvi, nikimwita." Kisha akamgeukia Tugas. "Ila chuma hakitaingia mpaka wewe umkane. Wewe ndiye uliyemfunika siku ile, ukamwita mke. Umkane kwa kinywa chako, ukiamini."

Tugas alikuwa amesimama na mikono imening'inia.

"Mnaniambia nimkate mke wangu."

"Tunakwambia si mke wako," Igmat alisema.

"Ana homa! Ana mimba, kalowa mvua, ana homa! Na wewe ndiye uliyemtuma!" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Samahani, Mama. Lakini mimi nimemwangalia. Ni yeye. Atakayemgusa na kisu, ataanza na mimi."

Toka siku hiyo alilala mlangoni, panga chini ya shingo. Visu vyote vya Igmat vya kukwangulia alivikusanya akavifunga kwenye kapu lake.

* * *

Na yule akaanza kupona.

Siku ya tano aliketi. Akauliza mvua imeacha lini. Siku ya sita Tugas alikuwa akimpepea, akasikia sauti hafifu inacheka, "Gogo langu, utanipeperusha." Akaangusha pepeo. Jina lake yeye ni la mti mgumu wa nguzo, na Lubay, wakiwa peke yao, alikuwa akimwita gogo langu kwa kumtania, kwa sababu siku ya kwanza walipoachwa wawili Tugas alishindwa kusema hata neno. Hakuna mwingine aliyelijua.

Alitoka nje mbio, machozi yanamtiririka, akamkumbatia Igmat pale pale alipokuwa akipepeta mpunga.

"Mama! Amekumbuka! Nani mwingine angejua? Niambie, nani?"

Igmat alisimama na ungo mkononi akatazama mlimani, na alichokiona moyoni ni binti yake, ameketi mahali pasipo na jua, anajaribu kukumbuka jinsi alivyokuwa akimwita mumewe, na neno halipo, limetoka, pamebaki pengo tu.

Kuanzia hapo kila lililomfurahisha Tugas lilimchoma yeye. Yule aliomba nyuzi zake akafunga mafundo mawili matatu, na mafundo yalikuwa ya Lubay, madogo na ya haraka. Aliimba wimbo wa kupandia mpunga. Rangi ilimrudia mashavuni. Kijifereji cha juu ya mdomo kikawa kirefu, kizuri. Tugas alikuwa anacheka kila saa, akimsimulia kila mpita njia. Na Igmat alikuwa amekonda katika siku tatu kama mtu aliyetoka njaani, kwa sababu hakuwa akila, akiona aibu kumeza chakula ilhali mwanawe anakaza meno mbele ya bakuli.

Kila mchana Bibi Ginday alirudi kutoka mlimani akatikisa kichwa. "Ananisikia. Jana aliitika. Leo ameuliza Lubay ni nani."

Jioni ya siku ya nane Igmat hakuweza tena kuvumilia kutojua ni kiasi gani kimebaki. Aliketi kando ya mkeka akaanza kuuliza, kwa sauti ya upole, kama mama anayepiga soga na mgonjwa. Kovu la nyusi ulilipata wapi? Kwenye jiwe la kusagia, Mama, ulinifukuza nikaanguka. Kuku wako wa kwanza alikuwa rangi gani? Mweusi, akachukuliwa na mwewe, nikalia siku mbili. Igmat akauliza na kuuliza, na kila jibu lilikuja sahihi, tamu.

"Na baba yako. Alikufaje?"

Yule alikunja uso. "Baba," alisema. "Baba... sijui, Mama. Sikumbuki."

Igmat aliinamisha kichwa ili furaha yake isionekane. Lubay alikuwa bado na baba yake. Kule gizani, alikuwa bado ameshika kitu.

Alfajiri, majogoo hawajawika vizuri, Igmat alizinduka. Kuna mtu alikuwa akilia. Yule alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, anamtazama, machozi yanashuka mashavuni, na popote chozi lilipoanguka kwenye shuka pakatokea tone la kahawia.

"Mama," alisema, "nimekumbuka. Alipasuliwa na nguruwe mwitu, wewe ukamshikilia matumbo kwa mikono yako mpaka alipokata roho, na mimi nilikuwa nyuma ya mtungi, naona kila kitu. Masikini Baba."

Igmat alitambaa kwa magoti mpaka mlangoni, akamwamsha Tugas, akajitupa miguuni pake, yeye mama mkwe, miguuni pa kijana anayemtumikia, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Mwanangu, baba yangu, nakuomba. Nipige ukitaka, nifukuze, chukua nyumba. Ni leo. Lubay hana kilichobaki, ni leo tu. Nakuomba."

"Inuka, Mama. Inuka, tafadhali, usinifanyie hivi." Alikuwa anajaribu kumwinua huku naye akilia. "Tazama jinsi alivyopona. Tazama mwenyewe. Nikufanyie nini ili uamini?"

Igmat alibaki na paji la uso juu ya mianzi.

Tugas akaenda mkekani. Labda alitaka kumtuliza mama mkwe, labda alitaka kujituliza mwenyewe. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe, pale ambapo kabla ya homa alikuwa akiweka kila asubuhi kusubiri teke.

"Hebu mwambie bibi yake anaendeleaje," alisema, akijaribu kutabasamu. "Mtoto anacheza leo?"

Yule alimtazama kwa mapenzi makubwa.

"Mtoto gani, gogo langu?"

Tugas hakuondoa mkono.

"Mtoto wetu."

"Hatuna mtoto." Alisema kwa sauti ya kumhurumia, kama anayemkumbusha mtu mlevi. Akatazama tumbo lake, akaligonga kwa kidole. "Humu? Humu mna maji tu."

Tugas alilaza sikio pale. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akatoka nje, akaketi kwenye matope kati ya nguruwe, na Igmat kutoka juu akamsikia akitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanamume, si kilio wala si kutapika. Alielewa, kama Igmat alivyoelewa. Yule alikuwa amechukua kila kitu, wimbo na kuku na kifo cha baba na jina la faraghani. Kitu kimoja tu huko mlimani mtu alikuwa amekishika kwa mikono miwili na hakukiachia.

Jua lilipofika utosini, Tugas alipanda ngazi na kapu la visu.

* * *

Alisimama mbele ya mkeka. Alijaribu mara mbili, midomo ikagoma. Mara ya tatu ikatoka.

"Wewe si mke wangu."

Yule alianza kulia. Hakukasirika, hakubadilika sura, hakutoa meno wala makucha kama wanavyosimulia watoto. Alilia tu, kama Lubay, akifunika uso kwa mkono. "Gogo langu, nimefanya nini? Nimekuudhi nini?" Panga la Tugas likaanguka sakafuni. Alirudi nyuma hadi ukutani akateleza chini, akaziba masikio.

Basi Igmat akachagua kisu chake mwenyewe, kile chenye mpini ulioliwa na kidole gumba chake kwa miaka arobaini, akapiga magoti.

"Mama," yule alisema. "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu," Igmat alijikuta anajibu. "Hujakosa kitu."

Akakata. Tabaka la kwanza lilikuwa na ngozi na uso, likafunguka kwa sauti aliyoisikia kila siku ya maisha yake, ile krrr ya shina linalochanwa, na chini yake palikuwa kijani, na maji yalifoka baridi juu ya mapaja yake yakapenya mianzi yakawaangukia nguruwe, nguruwe wakapiga ukelele wakavunja zizi wakakimbilia msituni, na sauti ilikuwa bado inamwita Mama, ila sasa ilikuwa nyembamba kidogo, sauti ya msichana anayekaribia kuvunja ungo, naye akaingiza kisu chini ya tabaka la pili, akavuta, likatoka refu na jeupe, na sauti ikawa ya mtoto wa miaka saba anayelilia kuku wake, na Igmat alikuwa analia naye, anambembeleza, anamwambia tulia, tulia, inakwisha sasa hivi, huku mikono yake, inayoijua kazi kuliko yeye mwenyewe, haikusimama, ikachana la tatu na la nne na la tano, kila moja jepesi na laini kuliko lililotangulia, mpaka sauti haikuwa na maneno tena, ilikuwa kichanga tu kinachotafuta titi, na katikati kabisa pakawa na jani changa lililojiviringa, halijawahi kuona jua, joto kwa kuguswa, akalikata nalo.

Kimya. Kwenye mkeka palikuwa na rundo la mgomba uliochanwa vizuri, kazi ya fundi.

"Mlimani," Igmat alisema.

* * *

Walimkuta Bibi Ginday amempakata. Lubay alikuwa amelala katikati ya mizizi ya mkuyu, mwembamba kama ufito, nguo imechakaa hadi imebaki nyuzi, na nywele zake, ambazo siku tisa zilizopita ziliishia mabegani, zilimfika magotini. Mganga alikuwa amemjaza chumvi mdomoni. Lubay alikuwa anaitafuna huku analia.

"Mama," alisema. Kisha akamtazama Tugas, akamtafuta, akampata. "Gogo langu."

Igmat alimwangukia. Alimshika kichwa, masikio, vidole, alimnusa shingoni, na alinuka jasho, jasho la kawaida, jasho la mtu. Alicheka kama mwendawazimu. Tugas alikuwa ameshika mguu wa mkewe kwa mikono yote miwili.

"Umekula?" Bibi Ginday aliuliza. Ni yeye pekee ambaye hakuwa amefurahi bado. "Niambie ukweli, mjukuu wangu. Kule, umekula?"

"Sijala. Nilikuwa nanyonya umande kwenye mizizi. Walileta bakuli kila siku, nikafunga mdomo. Sijala hata punje."

"Mungu wa mbinguni asifiwe," Igmat akasema, na mkono wake, uliokuwa ukimpapasa mwanawe kama mama anayempapasa aliyeanguka, ukafika tumboni.

Tumbo lilikuwa bapa. Ngozi yake ilikuwa imelegea, ina mikunjo, kama ya mwanamke aliyezaa siku nyingi zilizopita.

"Mtoto," Tugas alinong'ona. "Lubay. Mtoto yuko wapi?"

Lubay alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo wote wanalijua.

"Anatembea sasa," alisema. "Ni wa kiume. Amechukua miguu yako, mipana vile vile. Nilikuwa nimemshika mkono, nikasikia Bibi ananiita, nikavuta, nikamvuta naye, mkono ukaniteleza." Alimeza chumvi. "Maziwa yalikauka, Tugas. Niliwazuia kadiri nilivyoweza. Mimi nilifunga mdomo wangu. Lakini yeye ni mtoto, alikuwa analia njaa usiku na mchana, na bakuli liko mbele yake linanukia. Ningemfunga mdomo vipi?"

Bibi Ginday alifumba macho.

Tugas aliinuka. Shoka la mganga, lile alilokuja nalo kukatia kuni za ubani, lilikuwa limeegemezwa kwenye jiwe. Alilichukua, akauzunguka mkuyu mara moja, anapumua kwa kelele, akitafuta mahali pembamba.

"Usikate," Bibi Ginday alisema. "Wewe kijana. Umeshajua unachokata?"

Hakumsikia. Aliinua shoka juu ya kichwa akalishusha kwa nguvu zake zote, na mkuyu ukalia ndani kwa ndani, mtupu, mzito, mlio ukapanda mpaka kwenye matawi. Akaling'oa shoka. Akaliinua tena.

Kutoka ndani ya mti, kitu kikagonga.

Shoka lilibaki hewani. Mara mbili tena, ngo, ngo. Hakukuwa kugonga kwa hasira. Kulikuwa kama kwa mtu aliyesikia mlango na amefurahi kwamba kuna mgeni, na kulitokea chini, chini sana, kimo cha goti la mtu mzima.

Tugas aliweka shoka chini. Alipiga magoti, akasogea hadi paji lake la uso likagusa gamba, na kwa kifundo cha kidole, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akagonga mara moja.

Kikajibu mara moja.

Jua lilikuwa limeshaondoka utosini. Kivuli cha mkuyu kilianza kutoka upande wa pili, kidole baada ya kidole, juu ya majani. Bibi Ginday alifunga mfuko wake wa chumvi, akasimama kwa kujikongoja, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba inatosha, twendeni, wenyeji wanaamka.

Hakuna aliyeinuka.